Tamvua Si Pambo

Neno pambo limekuwa jaa la wasomi. Kila kitu ambacho mtafiti hakuifahamu kazi yake hutupwa humo: ushanga shingoni mwa mwanamke, chale shavuni, nakshi ya mlango, mstari mwekundu ukingoni mwa kikoi. Likiisha kutamkwa neno hilo uchunguzi hukoma, na kalamu hugeuzwa kuelekea mambo yanayodhaniwa kuwa makubwa zaidi, yaani ukoo, ardhi, mifugo na kodi. Katika vitu vyote vilivyotupwa jaani humo hapana kilichodhulumiwa kuliko tamvua. Hufundishwa katika madarasa, na hurudiwa katika tasnifu, kwamba matamvua ya nguo, ya mazulia na ya bendera ni nyuzi za kuning'inia tu, zilizowekwa ili kufurahisha macho. Kwamba yalipanda bara pamoja na anasa za watu wa pwani. Na kwamba mtu makini, mwenye nia ya kuyajua maisha ya watu wa Kondoa na uwanda wa kati, hana haja ya kupoteza wakati wake juu ya vitu vya namna hiyo. Fundisho hili ni potofu toka mwanzo hata mwisho, na upotofu wake umekwisha kuwaumiza watu.

Mwenye kulishuku neno hili na aanze kwenye kitanda cha mfumi. Nguo hufumwa kwa nyuzi za namna mbili. Mtande hutangulia: ni nyuzi za urefu zilizovutwa na kukazwa toka mwanzo wa kitanda hata mwisho wake. Mshindio hufuata, ukipita juu na chini ya mtande, ukienda na kurudi, mpaka nguo itimie. Kila ufikapo ukingoni mshindio hugeuka ukarudi ulikotoka, na kwa hiyo kingo mbili za urefu wa nguo hujifunga zenyewe. Mtande hauna pa kugeukia. Nguo ikiondolewa kitandani ncha za mtande hubaki wazi, na mshindio wa mwisho, usiposhikwa na kitu, huteleza nje. Ukiisha toka huo hutoka wa pili yake, na wa tatu, hata nguo ikarudi kuwa nyuzi. Ndipo mfumi huzikusanya zile ncha, akazisokota mbili mbili au nne nne, akazipiga fundo. Fundo hilo ni kufuli ya nguo nzima. Nyuzi zinazobaki chini ya fundo ndizo ziitwazo matamvua.

Mazulia yafumwayo kwa mkono katika nchi za Uajemi na Uturuki yana habari ileile, ila imekuzwa. Manyoya ya zulia ni mafundo madogo yaliyofungwa juu ya mtande, mstari baada ya mstari, kwa maelfu yasiyohesabika kwa jicho. Na matamvua ya ncha zake mbili ni mtande uleule uliopita chini ya kila fundo. Mtu akiyakata mpaka shinani kwa kuchukia vumbi yanalolishika, hakukata pambo. Amefungua mlango, na baada ya muda mistari ya mwisho ya mafundo itaanza kuchomoka. Wauzaji wa mazulia wanalijua sana jambo hili. Mnunuzi mwenye busara huipindua ncha ya zulia kabla ya kuuliza bei, atazame kama tamvua limetoka ndani ya zulia au limeshonwa juu yake.

Vitu visivyo na matamvua navyo hutoa ushahidi uleule. Mkeka hauna, wala msala wa ukindu hauna, kwa sababu mkeka hautandwi kitandani: husukwa ukili mrefu, ukashonwa kwa kuzungushwa au kupangwa ubavu kwa ubavu, na miaa ya ncha ikarudishwa ndani. Kanga pia haina. Kanga ni nguo ya kupigwa chapa. Hutoka kiwandani kwa gora, ikakatwa, ikapindwa, ikashonwa. Badala ya tamvua ina pindo la kuchorwa, linalouzunguka mji pande zote nne, na jina hukaa juu ya pindo la chini. Hakuna mwanamke wa Kondoa wala wa Unguja anayelilia kanga yake kwa kukosa matamvua. Kama tamvua lingekuwa pambo na hapana zaidi, lingaliwekwa kwenye kanga kwanza, maana hapana nguo katika Afrika Mashariki inayopendwa kupambwa kuliko hiyo.

Sasa lile dai kwamba matamvua ni anasa ya pwani iliyochukuliwa bara na misafara. Lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoliponza.

Ni kweli kwamba katika karne ya 19 nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ya kati, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Tabora na Ujiji. Mikono minne ya nguo ilikuwa shuka. Shuka mbili zilikuwa doti. Na hongo ya watemi wa Ugogo ilihesabiwa kwa nguo. Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, walijaza kurasa nyingi kwa malalamiko juu ya hongo hiyo na kwa majina ya nguo zilizotakiwa. Merikani, nguo isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki iliyotiwa nili, zilifaa kwa posho ya wapagazi na biashara ndogondogo. Mtemi hakuridhika na hizo. Alitaka debwani, subaya, barsati, ismaili na kitambi, yaani nguo zenye majina, zilizofumwa Omani na India ya magharibi, zenye taraza kandokando, na nyingi katika hizo zenye matamvua nchani.

Msomi wa pambo hufunga kitabu hapa, akidhani ameshinda: tazama, mtemi alipumbazwa na nyuzi za rangi! Lakini na afikiri kidogo kama mfanyabiashara. Doti ya merikani hukatwa kutoka gora kwa mkono wa mwuzaji, na mkono wa mwuzaji una urefu wake. Mikono minane yaweza kuwa saba na nusu, na mnunuzi asijue mpaka amejifunga nguo kiunoni. Nguo iliyofumwa nzima, yenye matamvua ncha zote mbili, haipunjiki hivyo. Atakayeipunguza sharti aondoe ncha moja, na kuondolewa kwake kutaonekana na mtoto. Tamvua lilikuwa muhuri wa kipimo. Mtemi aliyedai nguo yenye ncha zake mbili alikuwa na akili ya mtoza ushuru, si ya mtoto mbele ya mchezo. Wala wasafiri waliomcheka hawakuwa wageni wa jambo hilo, kwa kuwa katika nchi zao wenyewe mwuza vitambaa aliyepunguza kipimo alishtakiwa.

Nusu iliyosahauliwa ni kubwa kuliko hiyo iliyokumbukwa. Kabla ya gora la kwanza la merikani kufika Irangi watu wa uwanda huo walivaa ngozi, na ngozi ina matamvua yake. Wabarabaig, ambao jirani zao huwaita Wamang'ati kwa jina lisilo la heshima, huishi chini ya mlima Hanang na katika malisho yanayoshuka kuelekea Singida na Kondoa. Vazi la mwanamke wao aliyeolewa, liitwalo hanang'wenda, ni sketi ya ngozi iliyochanwa kuwa kanda nyembamba nyingi zinazoanguka toka kiunoni. Hapana kilichoongezwa ili kanda hizo ziwepo. Ni ngozi yenyewe, iliyolainishwa kwa kazi ya siku nyingi, ikachanwa kwa mkono uliozoea. Tamvua na vazi ni kitu kimoja, na ukiondoa tamvua umeondoa vazi. Wataalamu waliokaa na watu hao, George Klima miongoni mwao, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1970, wameeleza kwamba vazi hilo si la kusitiri mwili tu. Kwa imani ya wenyewe linahusiana na Udameselgwa, wa kike katika watu wa mbinguni, mlinzi wa wanawake na uzazi. Wanawake haohao wana baraza lao, ambalo mwanamume akimkosea mwanamke laweza kumhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe. Mwanamke anayeketi barazani akiwa amevaa kanda zile hakujipamba. Amevaa hadhi yake, kama kadhi na hakimu wavaavyo zao.

Basi msafara gani wa pwani uliowafundisha Wabarabaig kuchana ngozi? Na mwenye dai la anasa ataiweka wapi ngozi hii katika hesabu yake? Aghalabu haiweki popote. Huiandika katika orodha ya vitu vilivyokusanywa, mbele yake neno sketi, na mbele ya hilo maneno yenye matamvua ya mapambo, kisha huendelea na nambari inayofuata.

Lau upotofu huu ungaliishia katika orodha, usingalistahili makala. Lakini fikra ya wasomi hushuka ikawa amri ya watawala, na hili lilitokea mbele ya macho ya watu wengi walio hai hata leo. Mwanzoni mwa mwaka 1968 serikali ilianzisha mkoani Arusha kampeni ya kuwavisha Wamasai mavazi yaliyoitwa ya kisasa. Walitakiwa kuacha ngozi, shuka na udongo mwekundu. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Amri ya kwanza iliona katika ngozi aibu ya kale. Ya pili iliona katika sketi fupi aibu ya kigeni. Zilionekana kupingana, na magazeti ya wakati ule yalijaa barua za watu walioshangaa kwa nini mmoja akatazwe kuvaa cha babu na mwingine akatazwe kuvaa cha Mzungu. Kumbe zote mbili zilisimama juu ya nguzo moja: kwamba vazi ni jambo la macho ya anayetazama, na hivyo laweza kuvuliwa pasipo kumpunguzia kitu anayevaa. Pambo huondolewa, mtu akabaki mtu. Aliyefundishwa hivyo darasani atawezaje kuona dhuluma katika kumwamuru mwanamke avue ngozi yake kabla ya kuingia mjini?

Na tazama jinsi makubwa yanavyopata mawakili, na madogo yakakosa. Malisho ya Wabarabaig huko Basotu yalipochukuliwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya NAFCO, tangu miaka ya 1970, shauri lilifika mahakamani, na wataalamu wa ardhi wameliandikia vitabu. Ni vyema, na ni haki. Vazi halikupata hata ukurasa wa utetezi, kwa kuwa liliisha kuandikwa pambo, na hapana wakili anayeitetea haki ya pambo.

Haya yanawahusu hasa wale wanaoyasoma. Siku ya mahafali, Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, mhitimu huvaa joho jeusi na kofia bapa yenye kishada cha nyuzi kinachoning'inia ubavuni mwa uso. Katika vyuo vingi vya Marekani kishada hicho huhamishwa toka kulia kwenda kushoto mara shahada inapotolewa, na mama ukumbini hutokwa na machozi kwa nyuzi zilizosogea urefu wa kiganja. Hapana anayesema kwamba kishada hicho ni pambo. Kingekuwa pambo, mhitimu angaliweza kukiacha nyumbani. Yeye na chuo chake wanajua kwamba kinasema jambo ambalo kinywa hakilisemi: mtu huyu jana hakuwa hivi, leo yuko hivi. Msomi akubaliye nyuzi ziseme juu ya kichwa chake mwenyewe, kisha akakataa kanda zisiseme kiunoni mwa mwanamke wa Hanang, hakuongozwa na elimu. Ameongozwa na macho ya mkusanyaji wa zamani, yaliyoona kwake desturi na kwa mwingine mapambo.

Wala Afrika haiko peke yake katika jambo hili. Katika miji ya Babeli ya kale, yapata miaka 3,700 iliyopita, mtu asiye na muhuri aliposhuhudia mkataba aliugandamiza upindo wa nguo yake wenye matamvua juu ya udongo mbichi wa kibao, na alama ya nyuzi zile ikawa sahihi yake. Vibao hivyo vipo hata leo. Kukata upindo wa vazi la mke kulikuwa ishara ya talaka. Katika mji wa Mari, nabii aliyetoa ujumbe kwa mfalme aliweza kutakiwa nywele zake na upindo wa nguo yake vipelekwe pamoja na barua, viwe dhamana ya mwili wake mwenyewe. Torati, katika kitabu cha Hesabu, iliwaagiza Waisraeli waweke vishada katika pembe za mavazi yao, kila kimoja na uzi wa buluu, viwe ukumbusho wa amri. Na Injili ya Matayo, inapowakemea wenye kurefusha vishada hivyo ili watazamwe na watu, imepata katika Biblia ya Kiswahili neno lilelile la mafundi wa nguo: matamvua. Makemeo hayo yalikuwa juu ya kurefusha. Hayakuwa juu ya kuwa nayo. Mtu aliyekwisha kusoma habari za Babeli na za Waisraeli, kisha akasema kwamba matamvua hayafai kuchunguzwa na watu makini, ana deni la kueleza ni watu gani hao walio makini kuliko waandishi wa mikataba.

Lakini kosa hili lina asili, na haki inataka asili yake itajwe. Msomi wa leo hakuzaliwa kando ya kitanda cha mfumi. Ufumaji wa mkono uliokuwako Unyamwezi na Ufipa, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliukuta na kuueleza, ulizidiwa na nguo za meli. Na viwanda vya baadaye, kama Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, vilitoa zaidi vitenge na kanga, nguo za chapa. Tamvua ambalo msomi huyo amelizoea tangu utoto ni lile lingine, la kubandikwa. Huuzwa kwa mita katika maduka ya vitambaa, mkanda wa nailoni wenye rangi ya dhahabu, likashonwa kwenye pazia, kwenye kitambaa cha meza, kwenye mgongo wa kochi, kwenye zulia la mashine ambalo mtande wake ulikwisha kukatwa na kugundishwa kwa gundi. Tangu serikali ilipohamia Dodoma, kwa uamuzi uliotolewa mwaka 1973 na kusukumwa kwa nguvu tangu 2016, kumbi za sherehe zimeongezeka katika uwanda wote, na mkanda wa dhahabu umeongezeka pamoja nazo, mpaka Kondoa. Tamvua hili halishiki kitu. Ukilifumua leo jioni, pazia litabaki pazia. Hili kwa hakika ni pambo, tena pambo la kuiga, maana linajifanya ncha ya mtande usiokuwapo. Msomi ameliona hili kwanza, akalihukumu inavyostahili, kisha akaichukua hukumu hiyo akaitwika matamvua yote ya ulimwengu.

Isidhaniwe kwamba kosa ni la mashine. Shuka nzito nyekundu ambazo Wamasai na Wabarabaig hununua minadani hufumwa viwandani, na matamvua ya ncha zake yamesokotwa na mashine. Hata hivyo ni mtande wa shuka yenyewe, na ukiyakata shuka itafumuka begani mwa mwenyewe kabla ya mvua mbili. Ni matamvua ya kweli. Nyumba ya kifahari yaweza kuwa na zulia la bei kubwa lenye matamvua ya uongo, na mchungaji aliyejifunga lubega mlangoni pake akawa na ya kweli.

Bendera ni mfano wa peke yake, na huwasumbua watu. Bendera ya nje huanza kuchakaa ukingo wa mbali na mlingoti, unaopigwa na upepo. Kwa hiyo mafundi hupinda ukingo huo na kuushona mistari kadhaa. Kuutia matamvua ukingo huo ni kuupa upepo mahali pa kushika. Ndiyo maana bendera zenye matamvua ya dhahabu ni za ndani, za ofisi na kumbi na majeshi yanayopanga mistari siku ya gwaride. Bendera ya Tanzania ilipata sura yake mwaka 1964, rangi zake nne zinajulikana, na mkanda wa dhahabu si mojawapo. Huko Marekani mwanasheria mkuu alipoulizwa mwaka 1925 alijibu kwamba matamvua si sehemu ya bendera, wala kuwapo kwake hakuibadilishi. Na bado katika nchi hiyo wapo watu wanaosimama kizimbani wakidai kwamba mahakama yenye bendera ya matamvua ni mahakama ya bahari, isiyoweza kuwahukumu watu wa nchi kavu. Mahakimu wamelikataa dai hilo kila mara. (Mwaka huohuo wa 1925, kwa bahati, sheria ya Uturuki ilipiga marufuku tarbushi pamoja na kishada chake. Watu walikamatwa kwa ajili ya kofia.) Upuuzi wa wadai wale wa Marekani ni dhahiri, lakini una chanzo kinachofahamika: wamefundishwa na desturi za wanadamu kwamba tamvua husema kitu, wakalikuta lisilosema kitu, wakalitungia maneno. Tamvua la kubandikwa huzaa wajinga wa namna mbili, anayeamini kwamba yote ni bure na anayeamini kwamba yote ni siri.

Kondoa imekwisha kuona bendera zikishuka. Ya Wajerumani ilishuka Aprili 1916, majeshi ya van Deventer yalipoingia. Lettow-Vorbeck alijaribu kuurudisha mji mwezi Mei akashindwa. Ya Waingereza ilishuka usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na ya Tanganyika ikatoa nafasi kwa ya Muungano. Hapana katika hizo iliyodumu au kuanguka kwa sababu ya upindo wake, na ofisa anayetumia fedha za umma kununulia bendera ya ofisi mkanda wa nailoni angefanya vizuri kununua bendera ya pili, kwa siku ile ya kwanza itakapopauka.

Kuna ugomvi mmoja wa fasihi ambao ungalikwisha upesi kama wagomvi wangaliitazama nguo. Katika miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, walimu na malenga walishindana juu ya vina na mizani. Waliovitetea vina walisema kwamba ni uzuri wa shairi. Waliovipinga walisema kwamba ni uzuri wa bure unaomfunga mtunzi. Pande zote mbili zilikubaliana, pasipo kujua, kwamba kina ni pambo lililoshonwa nchani mwa mshororo. Lakini shairi lililotungwa liimbwe na kuhifadhiwa kwa moyo halina karatasi ya kulishika. Mshororo ukiisha, kina ndicho fundo linalozuia maneno yasiteleze toka kumbukumbu ya mwimbaji. Akikosea neno, kina humwambia. Katika shairi la namna hiyo ukiondoa vina umeondoa kufuli. Katika shairi lililotungwa lisomwe kimya kitabuni, ambalo mtande wake ni mwingine, vina vilivyobandikwa kwa kuwa sheria imeviagiza ni nailoni ya dhahabu. Ugomvi ulipaswa kuwa juu ya mtande. Ukawa juu ya pambo, nao haujaisha.

Kwa mwanafunzi anayetafuta kazi ya tasnifu, Kondoa haina mfano. Ni mahali ambapo jamaa nne kubwa za lugha za Afrika zimekaa jirani: Kirangi na Kigogo vya Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kibarabaig cha Kiniloti, na Kisandawe chenye sauti za mdoko, ambacho wataalamu wengi wamekihesabu pamoja na lugha za Wakhoisan wa kusini. Michoro ya mapango ya Kolo, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006, imewavuta wageni wengi, na kila mmoja huandika juu ya picha za waliokwisha kufa. Walio hai wana maneno. Johnson katika kamusi yake ya 1939 aliliweka neno utamvua na wingi wake matamvua, akalieleza kwa ncha na ukingo wa nguo au kilemba. Ni jina la sehemu ya kitu, hakulipa maana ya urembo. Mwanafunzi na aende na swali hilohilo katika lugha zile nyingine. Ncha ya ngozi iliyochanwa inaitwaje, na jina hilo ni la kwao au limekuja na nguo? Je, ukanda mmoja wa hanang'wenda ukikatika hushonwa, huachwa, au vazi zima hubadilishwa? Nani huruhusiwa kuchana, na kisu chake huwekwa wapi baada ya kazi? Mwenye vazi akifa, huzikwa nalo au hurithiwa, na anayelirithi ni binti au mke wa mwana? Maswali hayo yaulizwe kwa lugha ya mwenye vazi, katika uwanja wake, na jibu liandikwe kabla ya mtafiti kutoa kamera.